Miti ya Shule Moja Katika Nchi Kavu ya Ukambani

Mtu atokaye mjini Machakos kwenda Kitui kwa njia ya Masii na Wamunyu huona mambo mawili ambayo ni vigumu kuyaweka pamoja akilini. Jambo la kwanza ni ukavu wa nchi: mito isiyo na maji ila mchanga mtupu, vichaka vya migunga, na udongo mwekundu ambao upepo huupeperusha mpaka ndani ya gari ukawafanya abiria wote kuwa wa rangi moja. Jambo la pili ni kazi ya mikono ya watu: matuta yaliyoizunguka milima kutoka chini hata juu, mstari juu ya mstari, kama ngazi. Mgeni hujiuliza, je, watu hawa waliichoka nchi yao au waliipenda? Mimi nimezaliwa Ukambani, na njia hiyo nimeipita mara nyingi, walakini sikupata kulifikiri jambo hilo sawasawa mpaka mwezi wa Juni 2024, nilipokwenda kuitazama shule moja ya sekondari iliyo kati ya Masii na Wamunyu.

Nilikwenda kwa ajili ya mtoto wa ndugu yangu aliye Kidato cha Pili katika shule hiyo. Baba yake yuko kazini Mombasa, naye aliniomba nikae mahali pake katika mkutano wa wazazi. Lakini nilikuwa na sababu ya pili ambayo sikumwambia mtu, na hiyo nitaieleza kwa wakati wake. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa mengine nitakayoyasema ni makosa, na makosa yenyewe hayakuwa ya shule hiyo peke yake.

NCHI NA HISTORIA YAKE

Ni vema msomaji aijue kwanza habari ya nchi yenyewe. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni walioitembelea Machakos walisema kwamba nchi inakufa. Mvua ilikuwa ikiuchukua udongo na kuupeleka mitoni, majani ya malisho yalikuwa yamekwisha, na makorongo yalikuwa yakikata mashamba vipande vipande. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei duni, na ndipo watu kwa maelfu, wake kwa waume, walipoongozwa na Samuel Muindi Mbingu kwenda kwa miguu hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini amri ile ya ng'ombe serikali iliiondoa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Watu waliichukia, maana kazi ya amri haina utamu hata ikiwa na faida. Lakini katika miaka ya 1950 jambo la ajabu lilitokea. Wakulima wengi walipoona kwamba shamba lenye tuta hushika maji na kuzaa hata mvua ikiwa haba, walianza kuchimba wenyewe, kwa vikundi vya kusaidiana ambavyo sisi Wakamba huviita mwethya. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi hivyo. Wakati wa Uhuru kazi ililegea kwa miaka kadhaa, kwa sababu wengi waliyahesabu matuta kuwa ni mambo ya mkoloni. Kisha ikarudi kwa nguvu, safari hii bila kiboko cha mtu yeyote. Tuta la namna ya "fanya juu", ambalo mtaro wake huchimbwa na udongo ukatupwa upande wa mlimani, limejulikana hata katika nchi za mbali kwa jina hilohilo la Kiswahili. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kuonyesha kwamba tangu miaka ile ya 1930 watu wa Machakos wameongezeka zaidi ya mara 5, na udongo unaopotea umepungua.

Nimeieleza historia hii kwa kirefu kwa sababu yale niliyoyaona katika ile shule ni historia hiyohiyo, ila imefanywa na watoto, na kwa miaka mitatu tu.

NDANI YA LANGO

Nilishuka garini saa tatu ya asubuhi. Kutoka barabarani hadi shuleni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na njia yote ni kavu. Mbuzi wamezila pembe za vichaka mpaka vimekuwa mviringo kama vichuguu. Mara nikaona mbele yangu kitu cha kijani. Nilidhani ni shamba la tajiri mwenye kisima. Kumbe ni ua wa kayaba uliozunguka shule, mzito, wenye miiba mirefu, umekatwa ukalingana.

Ndani ya ua mna majengo ya kawaida: madarasa ya mawe, mabweni mawili, ukumbi wa kulia chakula na nyumba za walimu. Lakini kati ya majengo hayo mna miti. Kando ya njia ipo miarobaini. Nyuma ya madarasa ipo miembe michanga na mipapai. Karibu na mabafu ipo migomba iliyopandwa katika mashimo mapana. Na upande wa chini, mahali palipokuwa korongo, lipo shamba la miti ambayo Kikamba huitwa mukau, mirefu kunishinda mimi mara mbili, imesimama kwa safu kama askari.

Mtoto wetu alinipokea kwa heshima, akanipeleka kwa mwalimu mlezi wa Chama cha Mazingira, naye akanikabidhi kwa mwenyekiti wa chama, msichana wa Kidato cha Tatu aliyekuwa na daftari kubwa kwapani. Akaniambia, "Baba, karibu. Hapa mgeni hatumwonyeshi miti kwanza. Twamwonyesha makaburi." Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa vijana, lakini yeye hakucheka.

MAKABURI YA MITI

Alinipeleka upande wa magharibi, katika uwanja mtupu wenye vishimo vidogo vingi. Hapo, alisema, mwezi wa Novemba 2021 ilipandwa miche 600 kwa siku moja. Walikuja wageni wengi wenye magari. Zulia lilitandikwa, hotuba zilitolewa, picha zikapigwa. Mingi ya miche ile ilikuwa mikalitusi, mti ambao huota upesi lakini hunywa maji mengi, nao haufai kupandwa katika nchi yenye kiu wala karibu na chemchemi. Mashimo yalichimbwa jana yake kwa haraka, kina cha shibiri moja. Wanafunzi waliochelewa darasani wiki ile ndio walioyachimba, kama adhabu.

Vuli ya mwaka ule haikunyesha ya kutosha. Wasomaji watakumbuka kwamba hicho kilikuwa kipindi kibaya sana, ambapo tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilishindwa msimu baada ya msimu, mara tano mfululizo, katika sehemu nyingi za mashariki na kaskazini mwa Kenya. Kisha shule ilifungwa, wanafunzi wakaenda kwao, na hakuna aliyebaki wa kutia maji. Waliporudi walihesabu miche iliyo hai. Ilikuwa 41. Mwezi wa Machi mbuzi wa majirani wakaingia, ikabaki 9.

Nilisimama pale nikiangalia vishimo vile, na hapa ndipo yanipasa kuieleza ile sababu yangu ya pili. Mimi ni karani, na kazi yangu mojawapo ni kuzikusanya taarifa za miti iliyopandwa na kuziandika kwa mashine zipelekwe mbele. Taarifa ya miche ile 600 niliiandika kwa mikono yangu. Niliiandika vizuri, bila kosa la herufi hata moja. Katika fomu yetu mna nafasi ya jina la mahali, tarehe, mgeni wa heshima na idadi ya miche iliyopandwa. Nafasi ya idadi ya miche iliyo hai haimo. Nilipokuwa nikimsaidia ndugu yangu kutafuta shule ya mtoto wake niliutambua mji huu kwa sababu ya ile taarifa, nikamwambia, "Mpeleke huko, wana miti mingi." Basi nilikwenda nikaione miti yangu.

Sikumweleza yule msichana jambo hilo wakati ule. Niliona haya.

MBEGU ILIYOFUNGWA

Mwalimu mlezi alifika shuleni hapo mwaka 2022. Alipokubali kukiongoza chama alitoa masharti mawili. Sharti la kwanza, kazi ya miti isitumike tena kuwa adhabu. Mwanafunzi mkosaji apewe adhabu nyingine, na jembe liwe la wale walioomba kulishika. Mimi niliposikia hivyo nilikumbuka shule yangu ya misheni, ambako aliyezungumza lugha ya nyumbani au kuchelewa sala alipewa ndoo akatie maji maua ya mwalimu mkuu. Tulihitimu tukijua hesabu na Kiingereza, na tukiichukia ndoo. Wengi wetu mpaka leo hatuna mti mmoja tuliopanda wenyewe.

Sharti la pili lilikuwa kwamba chama kipande miti michache, tena ya nchi ile. Wakachagua mukau. Mti huu huzaliwa katika nchi kavu za Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia. Huvumilia ukame, mbao zake haziliwi na mchwa kwa urahisi, majani yake ni chakula cha mbuzi na ng'ombe wakati wa kiangazi, na maua yake hupendwa na nyuki. Mkulima mvumilivu aweza kupasua mbao baada ya miaka kama 10 hadi 15. Kasoro yake ni moja: mbegu yake ni ngumu kuotesha kupita kiasi. Mbegu imefungwa ndani ya kokwa gumu mfano wa mfupa, na mtu akiizika kokwa nzima aweza kungoja mpaka achoke.

Wanafunzi walijifunza njia inayotumiwa na wataalamu wa misitu wa Kitui. Kokwa hupasuliwa kwa kisu na kipande cha mti, polepole, ili mbegu zilizomo zisivunjike. Ncha ya kila mbegu hukwaruzwa kidogo. Mbegu hulowekwa usiku mmoja katika maji, na asubuhi ganda lake jembamba huchanjwa kwa wembe. Kisha huwekwa katika mchanga safi na kufunikwa kwa plastiki ipate joto. Baada ya siku chache huanza kuchipua. Mwenyekiti alinionyesha kovu katika kidole chake cha shahada, akasema karibu wanachama wote wa kwanza wana kovu kama hilo. Mbegu nyingi waliziharibu. Lakini mche uliogharimu damu ya kidole, alisema, hakuna aliyekubali ufe.

Na kokwa hizo walizipata wapi? Katika mazizi ya mbuzi wa majirani. Mbuzi hupenda tunda la mukau. Hula nyama yake, na kokwa huitema zizini wakati wa kucheua. Hivyo waliotuhumiwa kuimaliza miti ya kwanza ndio waliotoa mbegu za miti ya pili.

HESABU YA MAJI

Maji ndiyo yaliyowapa taabu kuliko mengine. Walianza kwa kuhesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la ukumbi wao lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani mita 160 za mraba. Basi mvua ya milimita 10 tu, ambayo hata Ukambani huweza kunyesha kwa jioni moja, huleta lita 1,600, sawa na mitungi 80 ya lita 20. Yapo yanayopotea, lakini hata yakipotea robo, ni maji mengi. Kwa miaka yote maji hayo yalikuwa yakishuka kwa paa, yakichimba korongo, yakienda zake mtoni pamoja na udongo wa shule. Wazazi walichanga wakanunua mabomba ya ukingo wa paa na tangi la plastiki, na wanafunzi wakachimba mtaro wa kuyapeleka yanayofurika hadi shambani.

Maji ya kuoga na kufulia hayatupwi. Hupitishwa katika shimo la changarawe na mchanga, kisha huenda kwenye migomba.

Namna yao ya kupanda ni hii, nami naieleza kwa sababu mkulima yeyote aweza kuifuata. Shimo huchimbwa kabla ya mvua, futi 2 kwenda chini na futi 2 upana. Udongo wa juu, ambao ni mweusi kidogo, huwekwa upande mmoja, na udongo wa chini upande wa pili. Ule wa juu huchanganywa na samadi iliyooza na kurudishwa shimoni kwanza. Ule wa chini hufanywa ukingo wa nusu mwezi upande wa mteremko, ili maji ya mvua yanayotiririka yasimame penye mti. Shimo halijazwi mpaka juu, bali huachwa kama bakuli. Halafu hutandazwa majani makavu juu ya udongo ili jua lisiunyonye, ila yasiguse shina, maana mchwa hufuata majani.

Kwa njia hiyo, katika vuli ya 2022, ambayo nayo ilishindwa, walipanda miti 60 tu. Iliyoishi ni 52.

NJIA YA MBUZI

Sasa naja kwenye jambo gumu. Tangu zamani palikuwa na njia iliyokata kiwanja cha shule, ambayo majirani waliipita kwenda mto wa mchanga kuchota maji na kunywesha mbuzi. Katika mto huo upo ukuta wa saruji uliozuia mchanga, na maji hukaa chini katikati ya chembe za mchanga, mahali jua lisipofika, hata miezi mingi baada ya mvua kwisha. Mapema mwaka 2023 shule ilipoona miti inaota, iliifunga njia kwa seng'enge. Kwa macho ya shule lilikuwa jambo la haki, maana kiwanja ni cha shule. Lakini akina mama sasa walilazimika kuzunguka mwendo wa saa nzima na mitungi mgongoni.

Seng'enge ilikatwa usiku. Ikarudishwa, ikakatwa tena, na safari ya pili miti 7 ilikatwa pamoja nayo. Wanafunzi walilia kwa hasira, na baadhi ya wavulana walitaka kuwavizia wakataji kwa marungu. Mwalimu mkuu alifikiri kuita polisi.

Mwalimu mlezi aliwauliza wanachama swali moja: "Shule ikifungwa mwezi wa Novemba, nani atakayekuwa hapa?" Wakanyamaza. Kwa maana vuli, ambayo ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi upande wetu, hunyesha wakati ambapo wanafunzi wengi wako likizoni. Wanaobaki ni majirani. Mti hauwezi kulindwa dhidi ya mtu ambaye ndiye peke yake anayeweza kuulinda.

Wazee wakaitwa, na akina mama wa mwethya, na wanachama wa chama wakakaa nao chini ya mwembe. Mazungumzo yalichukua Jumamosi tatu. Mapatano yalikuwa haya. Njia ifunguliwe tena, upana wa futi 8, na kayaba ipandwe pande zote mbili ili mbuzi wapite bila kupotoka. Majirani waruhusiwe kukata majani ya malisho ndani ya kiwanja kwa siku zilizopangwa, na matawi ya mukau yakipogolewa wapewe wao. Nao akina mama wailinde miti na kuitia maji wakati wa likizo.

Nilimkuta mama mmoja mzee akikata majani siku ile, ambaye wanafunzi humwita susu, yaani nyanya. Nilimwamkia, nikamwuliza kama ni kweli kwamba yeye hutia maji miti ya shule. Akajibu, "Mwanangu, mimi nilipokuwa msichana tulichimba matuta kwa sababu chifu ataandika jina la asiyekuja. Tulikuwa tukichimba huku tukimlaani. Baadaye tukachimba ya kwetu huku tukiimba. Tuta ni lilelile. Hawa watoto walipofunga njia nilimwona yule chifu tena. Walipokuja kuketi chini, nikasema, hawa ni wetu." Kisha akaendelea na kazi yake.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilipotangaza siku ya mapumziko ili watu wote wapande miti, shule ilikuwa imefungwa isipokuwa kwa watahiniwa. Wanachama wanaokaa karibu na akina mama wa mwethya walikutana bila zulia wala hotuba, wakapanda katika mashimo waliyokuwa wameyachimba mwezi wa Septemba. Vuli ile ilinyesha kwa wingi mno, hata kwingine ikaleta mafuriko. Hapo shuleni maji yalisimama katika mabakuli ya udongo, na korongo halikuongezeka.

LILILOBAKI

Nisije nikadhaniwa nasifu tu. Mwenyekiti alinipeleka mwenyewe nyuma ya jiko, akanionyesha rundo la kuni refu kama nyumba. Kila muhula gari kubwa huleta kuni za kupikia maharagwe na mahindi ya wanafunzi, na hakuna ajuaye hakika zimekatwa msitu gani. "Twapanda kwa mkono mmoja," alisema, "na twachoma kwa mkono wa pili." Chama kimeandika barua kwa halmashauri ya shule kuomba jiko la kuokoa kuni, lililojengwa kwa matofali na lenye bomba la moshi. Walijibiwa kwamba fedha hazipo. Wataandika tena. Nilipoondoka gari la kuni lilikuwa bado likitegemewa.

Hata hivyo kilichonigusa kuliko yote ni lile daftari. Kila mti una namba. Kila namba ina mstari wake, na katika mstari mna tarehe ya kupandwa, jina la mwanafunzi anayeutunza, na nafasi tatu: uko hai, umekufa, na sababu. Katika nafasi ya sababu nilisoma maneno kama haya: "mchwa", "mbuzi wa nyumba ya tatu", "nilisahau maji wiki mbili". Mwanafunzi aliyeandika kwamba alisahau alitia sahihi yake. Nikatafuta jina la mtoto wetu. Ana miti mitatu. Mmoja umekufa, na sababu aliyoiandika ni "nilipanda kabla ya shimo kuloa." Nilijivunia mstari huo kuliko alama zake za hesabu, ambazo, kusema kweli, hazikuwa nzuri.

Ndipo nilipomwambia mwenyekiti kwamba ile taarifa ya miche 600 ni mimi niliyeiandika. Alinitazama kidogo, akageuza kurasa mpaka ukurasa wa kwanza, akanionyesha. Walikuwa wameiandika: "Iliyopandwa 600. Iliyo hai 9. Sababu: haikuwa ya mtu." Akanipa kalamu, akaniuliza kama ningependa kusahihisha lolote. Sikuwa na la kusahihisha.

NENO KWA WASOMAJI

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 69, imeagiza kwamba nchi ijitahidi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi yake, na serikali imetangaza nia ya kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hesabu kubwa kama hizo hutisha, na mtu wa kawaida huona hazimhusu. Lakini Wangari Maathai alipoianza kazi yake mwaka 1977 alipanda miti 7 tu katika bustani moja ya Nairobi. Kazi kubwa haikatazwi kuanza ndogo. Hatari yake ni kuandikwa kwamba imetimia kabla haijafanywa.

Wewe mkulima, chimba shimo kabla ya vuli, wala usingoje mche wa bure. Wewe mwalimu, liondoe jembe katika orodha ya adhabu. Nanyi makarani wenzangu, yafaa tukumbuke kwamba karatasi zetu huaminiwa na watu ambao hawatafika kuona. Mimi niliporudi kazini niliongeza kwa penseli, pembeni mwa fomu, nafasi ya miti iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Mkubwa wangu aliiona, akauliza ni nani aliyeniagiza. Nikamweleza habari hii yote. Fomu mpya bado haijapigwa chapa, lakini penseli hajanikataza, na tangu hapo nimeandika barua kwa shule nne kuuliza. Mbili zimejibu.

Wazee husema, mchumia juani hulia kivulini. Nilipokuwa nikiondoka jua lilikuwa kali, nikasimama kidogo chini ya mukau mmoja kungoja mtoto wetu alete maji ya kunywa. Kivuli chake hakikutosha ila mtu mmoja. Mwakani, Mungu akipenda, kitatosha wawili.